Msaidizi gani wa akili mnemba anafaa kuandika msimbo? Maswali ya wasomaji

Habari za kazi, wahariri. Natengeneza mifumo ya wavuti kwa Laravel na Vue, niko peke yangu, Dar es Salaam. Bajeti yangu ni dola 20 kwa mwezi na haizidi hapo. Nichukue Copilot, Cursor au Claude Code? Kila video ninayoitazama inasifia ya kwake.

Nzuri, ndugu. Video nyingi huonyesha mradi mpya usio na faili hata moja, na hapo kila zana hupendeza. Wewe una mradi wenye miaka yake, kwa hiyo anza na kazi unayoifanya zaidi, jina la zana lifuate.

Kuna zana zinazomalizia mstari unaouandika. GitHub Copilot ilianza hivyo mwaka 2021. Kuna vihariri vilivyojengwa kuizunguka modeli ya akili mnemba, kama Cursor, ambayo ni VS Code iliyochukuliwa na kubadilishwa. Halafu kuna mawakala wa terminali, yaani dirisha la kuandika amri: Claude Code, Codex CLI, Gemini CLI, Aider. Hawa husoma faili wenyewe, hubadilisha, huendesha majaribio ya msimbo (tests) na kurudia pale yanapofeli. Mipaka imefifia, maana Copilot nayo siku hizi ina wakala wake, lakini mgawanyo bado unasaidia. Kama siku yako inaishia kuandika fomu na kurasa mpya, zana ya kumalizia mstari inatosha. Kama unarithi mifumo ya watu na kufukuzana na hitilafu, utahitaji wakala.

Kisha pima kwa msimbo wako. Tafuta hitilafu uliyoirekebisha mwenyewe miezi michache iliyopita, iliyokuchukua saa kadhaa hivi. Kwa `git log` pata komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye git) ya marekebisho, halafu namba ya komiti iliyoitangulia. Toa hali ya mradi ya wakati ule kwenye folda ya pembeni:

`mkdir ../jaribio`
`git archive a1b2c3d | tar -x -C ../jaribio`

(Weka namba yako badala ya a1b2c3d.) Ingia humo, anzisha git upya, fanya komiti ya kwanza, sakinisha paketi, weka `.env` (faili la mipangilio) ya majaribio. Usifanye `git checkout` ndani ya mradi wenyewe. Historia yote inabaki humo, na wakala anaweza kupekua `git log --all` akakuta jibu lako limeshaandikwa. Sasa mpe maneno yaleyale aliyokuletea mteja, kwa mfano "nikibadilisha tarehe ya ankara jumla inarudi sifuri". Usimtajie faili wala sababu, kwa kuwa siku ya kazi hutakuwa unazijua.

Tazama kama amefika kwenye faili husika au amezunguka. Tazama ukubwa wa `git diff`: wewe ulirekebisha kwa mistari 6, yeye akileta 140 na kubadilisha majina ya vigezo (variables) visivyohusika, mzigo wa kukagua utakuwa wako kila siku. Hakikisha majaribio ameyaendesha kweli, si kusema tu kwamba yamepita. Rudia kwa hitilafu tatu nne zenye sura tofauti kwenye kila zana. Kwa zana zenye kiwango cha bure au kipindi cha majaribio hutalipa kitu.

Kwa Laravel kuna mtego unaomfichua msaidizi haraka: mwambie aongeze middleware (msimbo unaopitiwa na ombi kabla ya kufika kwenye ukurasa). Tangu Laravel 11 ya mwaka 2024, mradi mpya hauna `app/Http/Kernel.php`, middleware husajiliwa kwenye `bootstrap/app.php`. Kama mradi wako unafuata mpangilio huo, msaidizi anayeunda Kernel.php upya anaandika kwa kukariri, hajautazama mradi wako. Dawa ni kuandika toleo la Laravel, amri ya kuendesha majaribio na miiko ya mradi kwenye faili la maelekezo: `CLAUDE.md` kwa Claude Code, `.github/copilot-instructions.md` kwa Copilot, au `AGENTS.md` inayosomwa na zana kadhaa. Mistari 20 hadi 40 inatosha. Ikiwa mirefu mno, mwongozo muhimu unamezwa na mengine.

Alama zinazotangazwa za SWE-bench, jaribio la kupima modeli kwa hitilafu halisi za programu, zisikubabaishe. Jaribio hilo la asili lina kazi 2,294 kutoka miradi 12, na yote ni ya Python. Toleo lake la Verified la mwaka 2024 lina kazi 500 zilizochujwa kutoka humohumo. Kuhusu Blade na Eloquent, sehemu za Laravel unazozitumia, halisemi kitu.

Ushauri wetu kwa dola 20: tumia Copilot ya bure kumalizia mistari, hela iende kwa wakala mmoja aliyeshinda kwenye majaribio yako. Usilipie wawili. Na usilipe ya mwaka mzima hata kama punguzo linavutia, kwa sababu masharti hubadilika katikati ya safari. Juni 2025 Cursor iliacha kuhesabu maombi na kuanza kuhesabu matumizi. Watumiaji wengi wakajikuta wanatozwa ziada, na kampuni ikalazimika kuomba radhi na kurudisha fedha.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa 3, Morogoro. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8, haina kadi ya picha, na bando ni la kuungaunga. Naweza kuweka modeli ndani ya mashine nikaachana na intaneti?

Unaweza, mradi usitegemee makubwa. Sakinisha Ollama, programu ya kuendesha modeli kwenye mashine yako, kisha uvute modeli ndogo. Qwen2.5-Coder ya vigezo bilioni 7 (namba za ndani zinazopima ukubwa wa modeli) ina uzito wa takriban GB 4.7. Ukifungua kivinjari na VS Code pamoja nayo, RAM inajaa, mashine inaanza kutumia diski na kila neno linachechemea. Chukua ya bilioni 1.5, ambayo ni karibu GB 1:

`ollama pull qwen2.5-coder:1.5b-base`

Hiyo yenye "base" ndiyo ya kumalizia mistari. Ya kuzungumza nayo ni ile isiyo na neno hilo. Iunganishe na VS Code kwa kiongezi cha Continue, ambacho ni cha bure. Upakuaji ufanye kwenye Wi-Fi ya chuo. Baada ya hapo hutumii bando hata kidogo.

Kinachowakwaza wengi ni ukubwa wa muktadha, yaani maandishi ambayo modeli inaweza kuyashika kwa mara moja, yakihesabiwa kwa tokeni (vipande vya maneno). Kwenye mashine isiyo na kadi ya picha, Ollama kwa kawaida huanza na tokeni 4,096, na ukizidisha hukata mwanzo wa ulichompa bila kukuambia. Utabandika faili refu, yeye ajibu kana kwamba nusu yake haipo, udhani modeli ni mbumbumbu. Ongeza kwa `OLLAMA_CONTEXT_LENGTH=8192 ollama serve`, ukijua kwamba nyongeza hiyo nayo inakula RAM.

Modeli ya saizi hiyo itakumalizia kitanzi, itakuandikia SQL ya kawaida na kukukumbusha umbo la amri. Kuifanya wakala wa kubadilisha faili tano kwa pamoja, hapana. Kwa hayo omba GitHub Education: mwanafunzi aliyethibitishwa amekuwa akipewa Copilot bila malipo. Baadhi ya maombi hukataliwa kwa sababu ndogo tu, ama jina kwenye wasifu wa GitHub halilingani na la kitambulisho, ama picha ya kitambulisho haionyeshi tarehe. Wakati unasubiri, Copilot Free ipo. Ilipozinduliwa Desemba 2024 ilitoa umaliziaji 2,000 na ujumbe 50 kwa mwezi.

Nimemwomba msaidizi aniunganishie M-Pesa kwenye duka la mtandaoni hapa Arusha. Ameandika msimbo msafi, lakini unadai passkey na namba zinazoanza na 254. Nimebadilisha zana mara mbili, jibu ni lilelile.

Amekuandikia Daraja, API (mlango wa programu kuzungumza na programu) ya Safaricom ya Kenya. M-Pesa ya Vodacom Tanzania ina mlango wake. Unachukua ufunguo wa API, unausimba kwa ufunguo wa umma wa RSA uliopewa kwenye tovuti yao ya wasanidi, unaomba kikao, kisha namba ya kikao nayo unaisimba na kuituma kwenye kichwa cha ombi kama Bearer. Nchi ni TZN, sarafu ni TZS. Passkey, ufunguo wa siri wa Daraja, haina nafasi hapo.

Kubadilisha zana hakujasaidia kwa sababu zote zimejifunza kwenye mtandao uleule, na mifano ya Daraja imejaa humo. Modeli huvutwa na kilicho kingi. Kwa hiyo mpe chanzo mwenyewe. Nakili nyaraka za Vodacom kwenye faili la mradi, tuseme `docs/mpesa-tz.md`, ukiweka ombi moja na jibu moja kwa kila huduma unayoitumia. Kwenye faili la maelekezo ongeza: "Malipo ni ya M-Pesa Tanzania, soma docs/mpesa-tz.md, usitumie Daraja." Kabla hajaandika mstari wowote, mwambie aorodheshe sehemu zote za ombi kutoka kwenye waraka huo. Akitaja sehemu isiyokuwemo, msimamishe hapohapo.

Wasomaji wa Kenya nao wasishangilie mapema. Daraja wasaidizi wanaijua, lakini tazameni wanavyopokea majibu yake. Malipo ya STK (ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mteja) yakifaulu, `ResultCode` ni 0 na ndani yake kuna `CallbackMetadata` yenye kiasi, namba ya risiti, tarehe na simu. Mteja akibonyeza kughairi, `ResultCode` ni 1032 na `CallbackMetadata` haipo kabisa. Msimbo unaoandikwa kwa haraka hukimbilia `CallbackMetadata.Item[0].Value` bila kuuliza. Ukijaribu kwa simu yako na kulipa shilingi 1 unapita vizuri. Siku mteja anapoghairi, seva inaanguka na kosa la 500, na oda inabaki "inasubiri" hadi mtu apige simu kulalamika.

Kuna na kosa dogo zaidi. `Password` ya STK hutengenezwa kwa kuunganisha shortcode (namba ya biashara), passkey na `Timestamp` (wakati), kisha kugeuzwa base64 (namna ya kuandika data kwa herufi), na `Timestamp` hiyohiyo hutumwa pembeni yake. Msaidizi akiita saa mara mbili, mara moja kwa nenosiri na mara nyingine kwa sehemu ya wakati, sekunde ikigeuka katikati vitu viwili havilingani na ombi linakataliwa. Hutokea mara chache, ndiyo maana linasumbua kulinasa. Saa isomwe mara moja, ihifadhiwe kwenye kigezo kimoja.

Agiza majaribio matatu yaandikwe kabla ya msimbo wenyewe: malipo yaliyofaulu, yaliyoghairiwa kwa 1032, na jibu lilelile likija mara mbili. Hilo la tatu lizuiwe kwenye hifadhidata kwa kuifanya `CheckoutRequestID`, namba ya kila ombi, isirudiwe. Tukiwa tunapima msaidizi mpya kwa kazi za huku kwetu, hili ndilo swali la kwanza tunalompa, kwa sababu linaonyesha kama anafikiria njia ya kushindwa au ya kufaulu peke yake.

Tunatengeneza mfumo wa zahanati, Mwanza. Bosi anasema akili mnemba ni marufuku kwa kuwa taarifa za wagonjwa zitavuja. Vijana wanaitumia kwa siri. Nani yuko sahihi?

Bosi ana sababu, ila marufuku yake haizuii chochote kama vijana wanaitumia kwa simu zao. Samsung ilipiga marufuku zana za namna hii Mei 2023 baada ya wafanyakazi kubandika msimbo wa ndani kwenye ChatGPT, kwa hiyo hofu hiyo si ya kwake peke yake.

Tenganisheni msimbo na taarifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Msimbo wa kupanga miadi hauna jina la mgonjwa. Nakala ya hifadhidata iliyosahaulika kwenye folda ya mradi inayo, na hata faili la kumbukumbu za makosa, au picha ya skrini iliyobandikwa kuuliza "kwa nini hapa panakuwa pekundu". Mara nyingi uvujaji unapitia hapo.

Ondoeni kila faili la `.sql` na `.csv` lenye watu halisi kwenye mashine za wasanidi, mjaze hifadhidata ya majaribio kwa majina ya kubuni yanayozalishwa na Faker. Wakala aendeshwe ndani ya kontena ya Docker (mazingira yaliyotengwa na mashine) isiyo na funguo za seva ya kazini. Msidhani `.gitignore` inamzuia: hiyo inazuia faili lisiingie git, haizuii programu iliyomo kwenye folda kulisoma. Pitisheni gitleaks, zana ya kutafuta funguo na siri zilizosahaulika, kwenye historia nzima ya git. Ufunguo wowote utakaoonekana ubadilishwe, kuufuta tu hakutoshi. Chagueni mpango wa biashara wenye mkataba unaosema msimbo wenu hautatumika kufundishia modeli. Kwenye akaunti za mtu binafsi jambo hilo mara nyingi ni swichi kwenye mipangilio, na wengi hawajawahi kuifungua.

Halafu wakala asipewe nenosiri la hifadhidata ya kazini, hata la "kuangalia tu". Julai 2025 wakala wa Replit alifuta hifadhidata hai ya mtumiaji aliyekuwa ameagiza kisibadilishwe chochote, na mkuu wa kampuni akaomba radhi hadharani. Agizo la maneno si kufuli. Kufuli ni ruhusa za akaunti yenyewe.

Niko Nairobi, nalipia API moja kwa moja badala ya usajili. Niliweka dola 10, siku mbili zimeisha. Nimeibiwa?

Hapana, umezungumza mazungumzo marefu. Kila unapotuma ujumbe, mazungumzo yote ya nyuma hutumwa tena pamoja nao. Chukua modeli inayotoza dola 3 kwa tokeni milioni 1 zinazoingia, kama ilivyotoza Claude Sonnet 4 mwaka 2025. Mazungumzo yakishafika tokeni 60,000 na ukatuma ujumbe 20 zaidi, umeingiza tokeni 1,200,000, yaani dola 3.60, kabla hatujahesabu zinazotoka ambazo zilikuwa dola 15 kwa milioni. Kuna akiba ya muda (cache) inayopunguza bei ya sehemu iliyorudiwa hadi moja ya kumi, lakini kwa kawaida inadumu dakika 5 bila kutumika. Ukienda kunywa chai na kurudi, ujumbe unaofuata unalipia yote upya.

Kazi moja, mazungumzo moja. Ikiisha, anza mapya. Mkataze kusoma `package-lock.json`, folda za matokeo ya ujenzi na faili za kumbukumbu, kwani moja tu linaweza kumeza makumi ya maelfu ya tokeni. Kazi ndogo zipe modeli ndogo. Zima kujaza salio kiotomatiki. Kama unamtumia wakala kila siku kwa saa nyingi, usajili wa bei maalumu utakutoka nafuu.

Mkurugenzi wetu anataka kuona msaidizi ameongeza kasi kwa asilimia ngapi, na anahesabu mistari ya msimbo. Tumjibuje?

Mwambieni mistari itaongezeka kwa hakika, na haitathibitisha kitu. Mwaka 2025 taasisi ya utafiti ya METR iliwapima wasanidi 16 wazoefu kwa kazi 246 kwenye miradi ya chanzo huria waliyoijua vizuri. Walipotumia akili mnemba walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, na bado wenyewe waliamini wameokoa asilimia 20. Haina maana kila mtu atachelewa, kwani hao walikuwa wanaijua miradi yao kama nyumbani kwao. Ila hisia ya kasi haifai kuwa kipimo.

Hesabuni siku kutoka kazi kufunguliwa hadi kufika kwa mteja, muda ombi la kuunganisha msimbo linaokaa likisubiri mkaguzi, na marekebisho yaliyorudi ndani ya wiki mbili. Kwenye timu nyingi msongamano huhamia kwa mkaguzi. Msaidizi anazalisha kwa dakika, mtu mmoja mwandamizi anasoma kwa saa.

Nimwandikie kwa Kiswahili au Kiingereza?

Kiswahili anakielewa. Tatizo ni kwamba maneno yetu hukatwa vipande vingi zaidi, kwa hiyo maelezo yaleyale hula tokeni nyingi zaidi. Mbele ya faili anazozisoma gharama hiyo ni ndogo. Kama unafikiri vizuri zaidi kwa Kiswahili, eleza tatizo kwa Kiswahili. Majina ya vigezo, ujumbe wa kosa na istilahi viache vilivyo, usivitafsiri. Ujumbe wa kosa bandika wote, usiufupishe.

Msaidizi ameniambia nisakinishe paketi ya npm (hazina ya paketi za JavaScript) ambayo sijawahi kuisikia. Nimtilie shaka?

Ndiyo. Watafiti waliochunguza modeli 16 na sampuli 576,000 za msimbo walikuta karibu asilimia 20 ya paketi zilizotajwa hazipo. Baadhi ya majina hayo hujirudia, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kulisajili moja na kutia humo msimbo wa kuiba funguo. Endesha `npm view jina time` uone iliundwa lini, kisha fungua hazina yake utazame komiti na masuala yaliyojibiwa. Paketi ya wiki iliyopita yenye toleo moja, iache. Na ukilazimika kuijaribu, iwe ndani ya kontena, kwa `npm install --ignore-scripts`, kwa sababu hati (scripts) za usakinishaji huendeshwa kabla wewe hujasoma hata mstari mmoja.